Genge ni la mtaa, lakini rekodi ni ya nani?

Kama ulianza kufuatilia muziki wa Kenya 2018, Ethic walipotoa ‘Lamba Lolo’, huenda unadhani gengetone iliibuka tu hivi hivi. La hasha! Jina hilo lina wazee wake.

Mnamo 2000, Clement Rapudo, almaarufu Clemo, na Jua Cali walianzisha Calif Records. Usitafute jina hilo Marekani. Ni mtaa wa California, pale Eastleigh, Nairobi. Enzi hizo Ogopa Deejays ndio waliotamba, na kapuka yao ilichezwa kila klabu. Calif haikuwaiga. Clemo alipika midundo mizito, nao Nonini, Jua Cali, Pilipili na Jimwat wakaishukia kwa Sheng ya mtaani bila kuichuja. Wakauita muziki huo genge, yaani umati, kundi la watu.

Sasa jiulize: mbona genge ikadumu, ilhali makundi mengi ya gengetone yalisambaratika baada ya miaka michache? Vipaji vilikuwepo, tena tele. Tofauti ni kwamba Calif ilikuwa nyumba. Msanii akiyumba, studio ipo, prodyusa yupo, jina lipo. Kizazi cha YouTube hakikuhitaji lebo kimfungulie mlango wa redio, na hilo ni jambo zuri. Lakini wengi waliingia bila nyumba wala karatasi.

Na hapo ndipo doo hupotelea. Wimbo mmoja una haki mbili: ya mashairi na melodi, na ya rekodi yenyewe. Kuhusu rekodi, sheria ya Kenya humtambua aliyefanya mipango ya kuirekodi, si lazima awe aliyeimba. Kwa hivyo ‘beshte yangu alinirekodia bure’ inaweza kukugharimu ngoma ikishika. Sheria hiyo hiyo inataka uhamishaji wa haki ufanywe kwa maandishi, si kwa mdomo.

Inalipa kujua haya. Mwaka 2023 mahakama iliamuru Nonini alipwe fidia ya Sh1 milioni baada ya kibao chake ‘We Kamu’ kutumika kwenye tangazo bila idhini yake.

Huhitaji kungoja lebo ikusaini. Wewe na wasee wako mnaweza kuanzisha yenu hata kwa laptopu moja. Ila kabla ya kupakia ngoma, kaeni chini mwandike nani anamiliki nini, kwa asilimia, kila mtu atie sahihi, kisha msajili kazi yenu KECOBO. Urafiki hautavunjika kwa hilo. Huvunjika pesa zikiingia na hakuna kilichoandikwa.