Muhuri Mmoja Ungetosha

Muulize mtu yeyote yale madoa mekundu kwenye kaligrafia ya Kichina ni ya nini, atakwambia ni urembo, eti wino mweusi peke yake unaboesha. Zii. Ile ni mihuri, na kila mmoja unasomeka. Huchongwa kwenye jiwe, ukabonyezwa kwenye rojo ya mafuta na unga mwekundu wa madini yenye zebaki, halafu ukagongwa kwenye karatasi. Mwandishi anagonga wake kusema: mimi ndiye niliyeandika. Baadaye anayeimiliki kazi anagonga wake: hii ilipita kwangu.

Hapo sina ugomvi. Ukiifuata mihuri hiyo, unajua kazi imepitia mikono ya nani.

Ugomvi wangu ni na Qianlong, mfalme aliyetawala China toka 1735 hadi 1796. Karne ya 4, bingwa wa kaligrafia Wang Xizhi alimwandikia mtu salamu fupi baada ya theluji kuanguka na anga kutakata. Herufi 28, mistari 4, basi. Nakala ya kale ya barua hiyo, ambayo leo iko kwenye makumbusho Taipei, ilimfikia Qianlong. Akaongeza herufi shen, yaani ya kimungu, akaandika maoni yake tena na tena, akagonga mihuri huku na kule. Ni kama mtu achukue meseji yako ya "mambo vipi" aijaze sahihi zake mpaka salamu ianze kutafutwa.

Wanaomtetea wanasema aliipenda kazi hiyo, aliitunza, na mihuri yake sasa ni historia. Kupenda, alipenda. Lakini kutunza kitu hakukupi ruhusa ya kukijaza jina lako. Na hiyo ya "historia" siimezi: ubabe haugeuki heshima kwa sababu umezeeka. Jamaa alikuwa na mihuri zaidi ya 1,000. Nani angethubutu kumwambia mfalme imetosha?

Kwenye sanaa hii, weupe wa karatasi hupimwa kama herufi zenyewe. Nafasi iliyoachwa wazi si kiwanja kinachosubiri mnunuzi.

Kwa hivyo ukikutana na wekundu mwingi, usiishie kusema inapendeza. Uliza ni nani amegonga, na aliyeandika amebakishiwa nafasi gani.