Marehemu alikaa Kinshasa, nyumba iko Goma: mirathi inafunguliwa wapi?

Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, iko wazi: mirathi inafunguliwa pale marehemu alikuwa anakaa. Robo tatu ya mali ni ya watoto, hata wa nje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua angali hai.

Ugumu unaanzia kwenye cheti cha nyumba. Kinabadilishwa jina kwenye ofisi ya ardhi ya pale nyumba iko, si Kinshasa. Lakini tangu M23 iteke Goma, Januari 2025, mahakama za serikali huko zilisimama. Mjane ana hukumu mkononi. Shemeji ndiye anakusanya kodi. Kuomba karatasi mpya kwa watawala wa sasa ni hatari, maana serikali haiwatambui. Afadhali atunze cheti cha zamani, hata kopi.