Serumu ya Nini, na Ndagala Iko?



Tangu mwaka huu wa masomo uanze, neno moja linarudi sana midomoni mwetu: "Nguvu imeniisha." Mmoja anasema kichwa kinamgonga kila siku saa nne, mwingine anasinzia katikati ya hesabu, mwingine tumbo limefunga siku ya tatu sasa. Ukiuliza amefanya nini, jibu ni karibu lile lile: "Nilienda kutundikwa serumu." Na yule ambaye hajatundikwa anangojea tu baba yake auze kitu ili akatundikwe. Juu ya jambo hilo nataka kutoa mawazo yangu. Asiyekubali anijibu katika gazeti linalokuja.

Nianze na upande mwema. Serumu si kitu kibaya. Sisi watu wa Baraka na wa kandokando ya ziwa tunajua kolera kuliko miji mingine mingi, na tunajua kwamba mtu aliyeishiwa maji mwilini, macho yameingia ndani, ni serumu inayomrudisha. Vile vile mtoto wa malaria kali asiyeweza kumeza. Na wewe mwenye homa, usimalize kusoma makala haya, nenda kwanza upimwe malaria. Mimi nasema juu ya serumu ile nyingine, ya mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe, hana homa, amechoka tu, na anataka "kurudishiwa nguvu".

Sasa tufanye hesabu. Juu ya mfuko wa serumu ya glukozi pameandikwa 5%. Maana yake, katika mililita 100 mna gramu 5 za sukari. Kwa hiyo mfuko wa mililita 500 uko na gramu 25. Kijiko kidogo cha chai kinabeba gramu 4 ao 5. Basi ndani ya mfuko ule mna vijiko vitano ao sita vya sukari na nusu lita ya maji, hakuna kingine. Ndizi mbili kubwa zilizoiva ziko na sukari kama hiyo, na hazihitaji sindano. Ile rangi ya njano wanayochanganya, ambayo inafanya wengi kusadiki kwamba leo dawa ni ya kweli, ni vitamini B. Mwili unachukua inayoutosha na nyingine unaitoa. Ndiyo sababu mkojo wa siku ile unageuka njano. Yaani sehemu ya pesa ya mzazi inaishia chooni siku ile ile. (Mnisamehe wale mnaosoma wakati wa kula.)

"Lakini mimi nilijisikia vizuri!" Nasadiki kabisa. Ulilala kitandani mchana masaa mawili bila mtu kukutuma, ukapata nusu lita ya maji na ulikuwa hujanywa tangu asubuhi, ukapata sukari kidogo na ulikuwa hujala. Nani asiyejisikia vizuri? Tena mtu wa koti jeupe alikuuliza habari yako kwa upole. Kesho yake umerudi kwenye desturi zako zile zile, na juma la pili nguvu imeisha tena.

Mimi naona tutafute desturi hizo zilizotuchosha.

Kwanza asubuhi. Wengi wetu tunatoka nyumbani na tumbo tupu, ao na kikombe cha chai ya sukari tu. Vitabu vya Ulaya vinashauri mtu atembee dakika 30 kila siku kwa ajili ya afya. Wenzetu wanaotoka upande wa juu wa Mutambala wakisoma hayo watacheka sana. Mazoezi hatukosi, tunakosa cha kutia ndani kabla ya kuyafanya. Viazi vitamu viwili vilivyobaki jana, ao kipande cha muhogo na ngumi moja ya karanga, vinamfikisha mtu saa sita bila kusinzia. Sukari peke yake inamfikisha saa tatu na nusu. Chupa moja ya soda ya sentilita 33, zile tunazonunua tukitaka kuonekana watu wa mjini, iko na gramu 35 hivi za sukari. Ni zaidi ya mfuko wa serumu! Inapandisha nguvu upesi na kuishusha upesi, na bei yake ingenunua ndizi za watu watatu.

Juu ya chai niseme neno lingine. Majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagi na majani ya mboga. Bila chuma damu inakuwa haba, na mtu mwenye damu haba anachoka, anapumua mbio kwenye mlima, anaona kizunguzungu akisimama. Wasichana wanahitaji chuma kupita wavulana, kila mmoja anajua sababu. Basi hakuna anayewakataza chai. Inywe saa moja baada ya chakula, si pamoja na chakula. Na pamoja na maharagi ao lengalenga kamulia ndimu, ao kula pera. Vitamini C inasaidia chuma kuingia, na pera letu, linalooza chini ya mti hapa Baraka, linapita chungwa kwa vitamini hiyo mara nyingi. Kama kuko minyoo tumboni, hata hayo hayatoshi. Dawa ya minyoo ni bei ndogo kuliko serumu.

Sasa mihogo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni chakula chetu cha kila siku, na si wengi wanaofikiri kwamba kichwa kinachouma mchana kinaweza kutoka katika ugali wa jana. Mihogo michungu iko na sumu ambayo kwa kawaida mama zetu wanaitoa: wanalowesha mihogo siku tatu mpaka ilainike, ndipo wanaianika. Ni elimu ya zamani, na ni sahihi. Lakini siku za haraka, ao siku za vita na kukimbia, ao mchuuzi anapotaka pesa upesi, siku tatu zinakuwa moja. Mtu akila unga ule anapata kichwa, kizunguzungu, pengine kutapika. Akiula majuma mengi bila kitoweo, mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Huko Kwango, magharibi mwa inchi yetu, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa ambao watu wa huko waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa: mtu anaamka asubuhi miguu imekaza, na haiponi tena. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulionekana Tarime, kaskazini ya Tanzania, wakati wa ukame. Na katika miaka ya karibuni waganga waliuona hata katika Kivu yetu ya Kusini.

Tufanye nini na unga tulionunua sokoni, ambao hatujui ulilala majini siku ngapi? Kuko njia rahisi, ilifundishwa na mtaalamu Bradbury wa Australia. Changanya unga na maji uwe mbichi mbichi, utandaze juu ya kitambaa ao sinia, usiwe mnene, uache masaa mawili juani ao masaa matano kivulini. Sumu kubwa inapanda hewani. Kisha songa ugali wako siku ile ile. Hakuna pesa inayotoka.

Na mwili wenyewe unaweza kuharibu sehemu ya sumu hiyo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji protini. Ndipo ninapofika kwa ndagala. Ndagala mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Tena tunamla mzima, na mifupa, na kichwa, na macho: mifupa inaleta kalisi, kichwa na macho vinaleta vitamini A. Yule anayetupa vichwa kwa sababu ameona wageni wanavitupa, anatupa dawa. Najua bei inapanda mwezi ukiwa mkubwa, maana wavuvi wanatumia taa na mbalamwezi inawashinda. Najua pia kwamba mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa wavuvi miezi mitatu, tangu tarehe 15 ya mwezi wa tano. Basi siku hizo kuko maharagi na karanga. Na kuko sombe! Wenzetu fulani wanaona haya kusema walikula sombe. Wanasema walikula mchele. Lakini sombe iliyotwangwa vizuri, ikapikwa muda mrefu, ikatiwa mawese na ndagala kidogo, inapita ule mchele mtupu kwa kila namna. Ila mawese yasiunguzwe mpaka yawe meupe, kwa kuwa wekundu ule ndio wenye vitamini A.

Kuko watu wanaofikiri kwamba haya ni maneno ya maskini ya kujifariji. Basi niwape shahidi. Daktari Burkitt alitumika miaka mingi Kampala, hospitali ya Mulago. Aliona kwamba watu wa vijiji, wenye kula majani, viazi na nafaka, hawakuwa na magonjwa mengi ya matumbo aliyoyajua kwao Ulaya, hata kufunga choo kulikuwa haba. Alirudi Uingereza akawahubiri watu wake wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Mwaka 2015 wataalamu wengine walitangaza jaribio: Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijiji vya Afrika Kusini walibadilishana chakula majuma mawili. Matumbo ya Wamarekani yalitulia. Ya wale wa Afrika, waliolishwa mafuta na nyama, yalianza kuharibika. Majuma mawili tu! Wale wenye pesa wanatafuta chakula chetu, nasi tunatafuta soda yao.

Kulala sitasema mengi, kila mmoja anajijua. Kijana wa miaka yetu anahitaji masaa 8 hadi 10. Anayetazama telefone mpaka saa saba ya usiku, kisha akaamka saa kumi na moja kuchota maji, hakuna ndagala itakayomponya.

Mwisho nina neno kwa wakubwa wetu, na nalisema kwa heshima. Kichwa cha saa nne mara nyingi ni kiu. Lakini kuko wasichana wengi ambao hawanywi maji kwa kusudi tangu asubuhi, ili wasiende chooni mchana, kwa sababu mlango haufungi. Hakuna somo la usafi litakalowafanya wanywe. Mlango mmoja na komeo yake, na ndoo ya maji yenye dawa ya klorini katika kila darasa, vingepunguza wagonjwa wengi. Vile vile wale mama wanaouza kwenye kiingilio saa ya kupumzika: wanaleta biskuti na bonbon kwa kuwa ndizo tunazonunua. Tukiuliza karanga na ndizi, kesho wataleta karanga na ndizi.

Danieli na wenzake waliomba siku kumi tu za mboga na maji, kisha watazamwe nyuso. (Mwalimu wa dini ataniambia kwamba Danieli hakukataa chakula cha mfalme sababu ya vitamini, na ni kweli.) Mimi naomba siku kumi hizo hizo kwa yule ambaye baba yake anataka kuuza kuku kwa ajili ya serumu ya uchovu. Asubuhi ale kitu, anywe maji safi, chai iwe mbali na chakula, ndagala na majani kila siku, alale mapema. Siku ya kumi na moja, akiwa angali amechoka, aende kwa mganga apimwe damu, na kuku bado yuko.

Mwanafunzi wa Bio-Chimie