Ufa wa Ukuta na Muhali Wetu

Kuanzia Seeb mpaka Amerat, ni nadra kupita mtaani usione kiwanja kinachimbwa msingi baina ya nyumba mbili za watu. Jirani anajenga, na ni haki yake. Lakini mashine ikishatingisha ardhi, ukuta wako ukapasuka, au tangi lake likavuja mpaka rangi ya majlisi yako ikabambuka, basi haki yake imegusa yako. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, na si kwa kukosa sheria. Tunaona muhali.

"Mwache, yule jirani, tumekula naye sinia moja." Haya, umemwacha. Miezi inapita, ufa unapanuka, salamu zinapungua, na siku moja maneno yanatoka mlangoni ambayo hayarudishiki. Kwa maoni yetu, kunyamaza huko ndiko kunakovunja ujirani, si barua moja ya adabu.

Sheria ya Oman haina utata katika hili. Sheria ya Miamala ya Kiraia, iliyotolewa kwa amri ya Sultani nambari 29 ya mwaka 2013, inasema katika kifungu cha 176 kwamba anayemdhuru mwenziwe analazimika kumlipa fidia. Kwa hivyo, kusema "sikukusudia" hakumtoi mtu kwenye deni. Lakini haki hiyo ina muda: miaka 5 tangu ulipojua dhara na aliyeisababisha. Wanaosubiri ati mpaka mtoto wa jirani aolewe kwanza, wahesabu vizuri.

Kabla ya yote, piga picha. Piga ufa wenyewe, kisha piga kwa mbali uonekane ukuta mzima na jengo la jirani, na uweke tarehe. Usikimbilie kupaka plasta, maana ukishaziba umefuta ushahidi wako mwenyewe. Ikiwa kuna hatari ya kuanguka, tengeneza, lakini weka risiti zote. Mwite mhandisi aandike ripoti. Kisha mwandikie jirani, na mkandarasi wake pia, kwa sababu bila ya hivyo watakupiga danadana: huyu anasema nenda kwa yule, yule anasema nenda kwa huyu. Ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko maneno matupu ya kibarazani. Kama kazi bado inaendelea na unahisi haifuati kibali, nenda baladia wakaangalie kabla jengo halijapanda. Na kama umepanga, mwambie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Akikataa, usiruke moja kwa moja mahakamani. Zipo kamati za usuluhishi, zilizoanzishwa kwa amri nambari 98 ya mwaka 2005, na wengi wetu hatuzitumii kwa kudhani ni za watu wa talaka tu. Mnakaa mbele ya watu wenye busara, mnaelewana, mnatia saini, na makubaliano hayo yana nguvu ya kutekelezwa kama hukumu. Huu si ugomvi, ni suluhu yenye karatasi. Asipokuja au msipoafikiana, mlango wa mahakama uko wazi, na huko hakimu anaweza kumteua mtaalamu akague nyumba.

Polisi ni kwa aliyeharibu makusudi: aliyevunja ukuta kwa hasira, aliyekwaruza gari. Na hebu tuseme wazi, wewe ukimkatia yeye bomba lake la maji ili mlipizane, mshitakiwa unakuwa wewe.

Halafu kuna nyumba zetu za Unguja, ambazo tunazikumbuka Ramadhani na Idi. Jirani wa Mji Mkongwe akiongeza choo ghorofani, maji yanaingia katika kuta za mawe na chokaa, na kuta hizo zikishanyonya maji haziangalii mwenyewe yuko Unguja au yuko Muscat. Huko mtu huanza kwa sheha, na kwa majengo ya Mji Mkongwe ipo Mamlaka ya Hifadhi. Lakini hakuna atakayesikiliza simu ya shangazi kutoka Muscat. Mpe ndugu aliyeko kule hati ya uwakala iliyothibitishwa, yenye kutaja nyumba hiyo na kumruhusu kudai kwa jina lako, na umpe sasa, wakati ukuta bado umesimama.