Chuo Kikuu Gani kwa Mtoto Wetu?



Kila mwaka, matokeo ya mtihani yakitangazwa, furaha hujaa nyumbani. Kisha mashauri mazito huanza. Baba asema: «Aende chuo kikuu cha Serikali, ndicho kikubwa.» Mama ajibu: «La, huko wanafunzi hujazana kama ndagala ndani ya kikapu. Heri chuo cha binafsi.» Ni nani mwenye haki?

Tusidanganyike na majina. Mwaka 1954 Wakatoliki walifungua chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mwaka 1956 Serikali ilifungua chake Élisabethville, ndiyo Lubumbashi. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chao huko Kisangani. Mwaka 1971 Serikali iliviunganisha vyote vitatu kuwa chuo kimoja cha taifa, na mwaka 1981 ikavitenganisha tena, vyote vikiwa mikononi mwake. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Kinshasa, ambacho ni cha Serikali, kimekaa juu ya kilima kilekile cha Lovanium. Mwaka 1989 mlango wa vyuo vya binafsi ulifunguka tena, na ndio mwaka wa kuzaliwa kwa Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben huko Butembo. Basi, anayedharau cha Serikali au cha binafsi kwa sababu ya jina tu, hajui historia ya nchi yake.

Kila kimoja kina uzuri wake na taabu yake. Chuo kikubwa cha Serikali kina matawi mengi ya elimu, na malipo yake kwa desturi ni madogo kuliko ya binafsi. Lakini wanafunzi ni wengi, na migomo ya walimu huweza kuurefusha mwaka. Katika chuo cha binafsi kilicho chema, walimu huwajua wanafunzi wao na mwaka huisha kwa wakati wake. Lakini malipo ni mazito, na mara nyingi maprofesa ni walewale wa Serikali, wanaokuja kufundisha kwa majuma machache. Tena viko vinavyojisifu kwa mabango makubwa, navyo havina hata maktaba. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, nendeni mkaone kwa macho. Ulizeni kama chuo kina kibali cha Serikali, na kama diploma yake inatambulikana. Anayetaka uganga aulize hospitali ya mazoezi iko wapi. Anayetaka ufundi wa mitambo aone mashine. Zungumzeni pia na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa maana wao hawana cha kuuza.

Kisha hesabuni. Injili yatufundisha juu ya mtu aliyeanza kujenga mnara asiweze kuumaliza, watu wakamcheka. Masomo ya lisansi ni miaka mitatu, na uganga ni mingi zaidi. Msihesabu malipo ya mwaka wa kwanza tu. Ongezeni kodi ya chumba, chakula, safari na vitabu, hata mwaka wa mwisho. Mtoto anayekatiza masomo katikati amepoteza fedha na miaka pamoja.

Na katika hesabu hiyo, msiwasahau wadogo zake. Tumeona jamaa wakiuza shamba ili mvulana asome katika chuo cha sifa, na dada yake mwenye akili sawa akabaki nyumbani. Huo si upendo, ni majivuno. Heri watoto wawili wamalize katika chuo cha malipo madogo, kuliko mmoja kuanza katika kile cha fahari.

Nanyi vijana, jueni kwamba chuo hutoa walimu na vitabu, bali bidii hutoka kwenu. Shaurianeni na wazazi kwa heshima, mkachague pamoja.