Mhudumu wa baa naye ana mapafu

Sisi tuishio hapa England tumekwishazoea. Tangu Julai 1, 2007, anayetaka kuvuta sigara akiwa baa au mgahawani hutoka nje, iwe mvua, iwe baridi. Ajabu ni kwamba baadhi yetu tukienda likizo nyumbani, tunawasha sigara mezani watu wakila.

Anayeumia zaidi si mteja wa meza ya jirani. Yeye atakula, atalipa, ataondoka. Mhudumu yupo pale tangu jioni hadi usiku wa manane, akivuta moshi ambao hakuununua. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na makumi kati ya hizo husababisha saratani. Huleta pia maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa sigara za wengine huua watu zaidi ya milioni moja kila mwaka.

Wapo wanaosema itengwe kona ya wavutaji, au ziongezwe feni. Lakini moshi haujui mpaka. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilieleza wazi kuwa hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na madhara.

Tanzania ilitunga sheria ya tumbaku mwaka 2003, Kenya 2007, Uganda 2015. Sheria pekee haitoshi. Mteja naye ana wajibu. Basi tukirudi nyumbani, tutoke nje kama tunavyotoka huku. Binti anayetuletea chakula ana haki ya kupumua.