Baraza ya Wazazi: Mtoto Aliyepotea Kati ya Nyumba na Shule



Mwezi huu tumekusudia kunena nanyi habari ya wazazi na shule. Twaomba radhi tangu mwanzo, kwa kuwa maneno mengine yatawachoma akina baba, na mengine yatawachoma waalimu. Yatatuchoma na sisi wenyewe, maana tumepata kuwa upande huu na upande ule, na makosa tutakayoyataja tumeyafanya yote mawili.

Mwaijua habari ya Mtoto Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Maria na Yosefu walikuwa wametoka Yerusalemu kwenye sikukuu ya Pasaka, wakaenda mwendo wa siku nzima pasipo kujua kwamba mtoto amebaki nyuma. Je, walikuwa wazazi wazembe? Hasha! Walidhani yumo katika msafara pamoja na jamaa zao. Ndivyo watoto wapoteavyo hata leo: si kwa kuwa hawapendwi, bali kwa kuwa kila mtu adhani mwenziwe anaye. Tena angalieni walimpata wapi. Walimpata hekaluni, ameketi kati ya waalimu. Wazazi wale hawakusimama mlangoni wakingoja aletwe. Waliingia mpaka pale palipofundishwa, wakauliza, wakasikia jawabu, kisha wakarudi naye Nazareti.

Sasa twawasimulia jambo tuliloliona kwa macho yetu.

Katika kijiji kimoja cha upande wa mashariki ya milima ya Uluguru, ambacho jina lake hatutalitaja, alikuwako mtoto mmoja wa darasa la nne. Baba yake ni mkulima wa ndizi na viungo, mtu wa sala, asiyekosa Misa ya Dominika ila kwa ugonjwa. Kila siku alfajiri mtoto yule aliamka, akanawa, akavaa sare, akachukua mfuko wake wa madaftari, akawaamkia wazazi, akaondoka. Jioni alirudi. Baba yake alimwuliza, "Umesoma?" Naye alijibu, "Nimesoma, baba." Basi, mazungumzo yakaisha hapo.

Siku moja ya gulio mjomba wake alishuka na mikungu yake mpaka barabarani. Akamwona mpwawe, sare imekunjwa ndani ya mfuko, na kichwani amebeba mkungu wa mchuuzi fulani, akiupeleka garini kwa ujira. Mjomba hakumpiga. Alimshika mkono, wakapanda pamoja mpaka shuleni. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, na tazama, katika muhula ule mtoto alikuwa amekosa siku 29. Baba akaitwa. Sisi tulikuwapo, na maneno yao twayakumbuka.

Baba alisema, "Mwalimu, siku zote hizo, mbona hukuniita?"

Mwalimu akajibu, "Mzee wangu, nilikuandikia barua mara mbili."

"Barua zenyewe ulimpa nani?"

Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilimpa mtoto."

Waliosimama dirishani wakacheka, lakini baba hakucheka, wala mwalimu. Mwalimu akaendelea, "Tena, mzee, usinikasirikie. Nilidhani umemchukua shambani, maana ni majira ya kupalilia, na wengi hufanya hivyo." Baba akasema, "Nami nilidhani unaye." Mjomba naye akainamisha kichwa, akasema, "Nami nilidhani shemeji yangu amwangalia." Basi walikuwa watu wazima watatu, wote wakweli, wote wenye mapenzi mema, na mtoto hakuwa na mtu.

Ndipo mjomba akamwuliza mtoto kwa upole sababu ya kutoroka. Kwa muda mrefu hakujibu. Mwisho akasema kwamba hajui kusoma vema. Kwamba alipoambiwa asimame asome kwa sauti wenziwe walimcheka. Na kwamba adhuhuri, wale waliokuja na chakula walipokula, yeye aliketi tu akiwatazama. Kule barabarani alipata fedha ya kununua maandazi, wala hapana aliyemwambia asome. Mambo mawili yalimtoa shuleni, aibu na njaa, na kati ya wale watatu hapana aliyekuwa amemwuliza hata moja.

Yafaa tujiulize: desturi hii ya kumwachia mwalimu mtoto mzima mzima, imetoka wapi? Sisi twadhani mizizi yake ni ya zamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, wengi wa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wale hawakuwa na baba wala mama karibu. Misioni ilikuwa haina budi kuwa baba na mama. Toka pwani kazi ilipanda bara: Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, Matombo mwaka 1897. Huku kwetu watoto walikuwa na wazazi, walikuwa na bibi na babu, walikuwa na ukoo. Lakini wazo lile la zamani lilipanda mlima pamoja na shule, ya kwamba mtoto akiisha kuingia darasani, nyumba imemaliza kazi yake.

Na sisi wa milima hii tunalo jambo letu zaidi. Mluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo ya mama yake, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Desturi hii ina uzuri wake, kwa maana mtoto ana walinzi wengi. Lakini walinzi wakiwa wengi, kila mmoja aweza kulala akidhani mwenziwe yu macho.

Kanisa halikubali usingizi huo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la mwaka 1965, ulifundisha wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu, na shule huwasaidia. Naye Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkristo na mwalimu wa shule kabla ya kuongoza nchi, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea akiyakemea mafundisho yanayomtenga mtoto na watu wake. Kisha, kuanzia Januari 2016, Serikali ilifuta ada na michango ya lazima katika shule zake. Jambo hilo lilikuwa jema, na watoto wengi wa maskini waliingia darasani. Lakini baadhi yetu tulilisikia vibaya. Tulisikia "bila ada", tukaelewa "bila wazazi". Sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki juu yetu, na zaidi ya hivyo vyote kulibaki malezi, ambayo hayakupata kuwa na ada hata siku moja.

Sasa twageukia waalimu. Ndugu zetu, twawahurumia, maana twajua madarasa yenu yalivyojaa. Lakini je, mwawaita wazazi kwa neno gani? Mzazi aitwapo kila mara kwa habari ya fedha au ya kosa, mwishowe akisikia jina la shule hushika mfuko wake au fimbo yake. Kumbukeni yaliyotukia Matombo mwaka 1955. Serikali ya Waingereza iliwaamuru watu wachimbe matuta mlimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Kusudi la kuhifadhi udongo lilikuwa jema, lakini watu waliamriwa, hawakushauriwa, nao waliona kazi ni kubwa na faida haionekani. Mwezi wa Julai ghasia ikatokea, mtu mmoja akafa kwa risasi ya polisi, na mpango ule ukavunjika. Lakini huko Mgeta, ambako matuta yaliwafaa wenyeji kwa bustani za mboga, walima juu yake hata leo. Basi jifunzeni hapo: mzazi akiona faida na akishauriwa, atachimba mwenyewe, akiamriwa tu, atangoja mgeuke.

Wala hatusemi mambo yasiyowezekana. Kati ya mwaka 2016 na 2021 mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa mmoja wa mikoa iliyofanyiwa kazi na mradi wa Tusome Pamoja, uliogharimiwa na Marekani, kwa ajili ya kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya chini. Mradi ule uliwatafuta wazazi pia, ukawataka wakae pamoja na waalimu wapange jinsi ya kuwasaidia watoto. Fedha ya wageni ina mwanzo na mwisho. Lakini kukaa pamoja hakuhitaji fedha ya mgeni; kwahitaji benchi, na kivuli cha mwembe, na saa moja.

Haya ndiyo tunayowashauri, kila nyumba na kila shule.

Kwanza, fikeni shuleni mara moja angalau katika kila muhula kabla ya kuitwa. Ombeni kuonyeshwa daftari la mahudhurio na madaftari ya mtoto. Baba aende, na mama aende. Naye mjomba, akiwa karibu, asiseme kwamba haimhusu.

Pili, kila jioni mtoto asome kwa sauti robo saa mbele ya watu wa nyumbani. Mama mmoja alituambia, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Twamjibu: wewe una masikio. Mwambie afuatishe neno kwa kidole, na akisitasita utasikia. Akimaliza, mwambie akusimulie aliyoyasoma. Mtoto asiyeweza kusimulia hakuelewa, na jambo hilo mzazi asiyejua herufi moja aweza kulitambua.

Tatu, uji. Mtoto mwenye njaa hasikii somo. Wazazi wakutane, wapatane wenyewe kiasi cha mahindi kwa kila nyumba, na zamu za akina mama na za akina baba pia, kwa maana kuni na maji si kazi ya wanawake peke yao. Hesabu ibandikwe ukutani, kila mtu aione. Nyumba isiyo na kitu isidaiwe, wala mtoto wake asitengwe na kikombe.

Nne, Siku ya Wazazi isiwe ya hotuba na ngoma tu. Watoto wa kila darasa wasome mbele ya wazazi wao. Kisha wazee nao wapewe zamu ya kufundisha: babu awaonyeshe watoto namna ya kusuka kikapu, bibi awape hadithi za Kiluguru, mkulima awaeleze kwa nini miti ya chemchemi haikatwi. Mzazi aliyepata kuitwa mwalimu kwa saa moja hataogopa tena mlango wa shule.

Tano, kwa habari ya binti. Twajua mila ya kumweka mwali ndani, nasi hatuidharau heshima iliyomo. Lakini binti akitolewa darasani kwa miezi, wenziwe wamekwenda, na mara nyingi harudi tena. Mafundisho ya bibi na shangazi yafanywe wakati wa likizo, na shule itakapofunguliwa, mwali naye atoke akasome.

Sita, ninyi waalimu, msimpe mtoto mtoro barua ya kumshtaki mwenyewe. Tumeni neno kwa katekista, au kwa kiongozi wa jumuiya, au kwa simu. Mtoto akikosa siku tatu, mtu mzima apate habari. Tena mara nyingine leteni habari njema. Hata neno dogo, kama vile "leo mwanao amesoma ukurasa mzima," litamleta mzazi upesi kuliko madai kumi.

Mwataka kujua habari za yule mtoto. Alirudi shuleni. Hatutawaambia kwamba amekuwa wa kwanza, kwani hajawa. Bado asoma polepole. Lakini Dominika baada ya Misa huketi na mjomba wake nje ya kanisa, akamsomea kurasa mbili. Mwalimu amwita asome akiwa amekwisha kujitayarisha, naye hachekwi tena. Baba yake hushuka shuleni kila mwezi, saa nzima ya njia. Tulipokutana naye alituambia, "Miaka minne nilimwuliza mtoto kama amesoma. Sikumwuliza hata mara moja kama amekula, wala kama anaogopa."

Jifya moja haliinjiki chungu, wala mawili hayatoshi. Nyumba ni jifya, shule ni jifya, na Kanisa ni jifya. Moja likisogea, chungu chapinduka, na kilichomo ni watoto wetu.

Basi usiku wa leo, kabla ya sala ya jioni, mwiteni mtoto aketi karibu. Msimwulize, "Umesoma?" Mwulizeni, "Leo uliketi karibu na nani? Ulikula nini? Ni jambo gani lililokushinda?" Kisha nyamazeni, mngoje jawabu, hata likikawia.

Familia Takatifu ya Nazareti itulindie watoto, na itupe miguu ya kwenda kuwatafuta. Kwaherini, mpaka mwezi ujao.